Kuku wa Kumhamisha Mganga

Alhamisi, tarehe tisa Julai. Upepo wa baridi ulishuka kutoka mlimani tangu alfajiri, ukapeperusha makapi ya ngano mpaka ndani ya ndoo za maji. Mlima ulijifunika wingu siku nzima, lakini mvua hakuna.

Siku hiyo nilikuwa mzima kabisa. Nalisema mapema, maana mbele huku mtanikuta kitandani, nimefunikwa blanketi, watu wananipa pole.

Chanzo ni mama mmoja wa chuo. Alikuja kwenye zahanati ya kambi yetu, hapa kwenye shamba la ngano la serikali, akasema anafanya utafiti. Sisi tulizoea utafiti wa damu na wa choo. Huyu alitaka maneno: mganga anasemaje na mgonjwa, mgonjwa anajibuje. Alikaa kwenye kona ya chumba cha mganga na kofia yake ya sufu, akisikiliza bila kutia neno. Kambini walisema huyo hana lolote la afya, ametumwa kuchunguza nani anaiba ngano.

Siku moja alinikuta bombani, akaniita pembeni. Alikuwa anatafuta mtu wa kujifanya mgonjwa, aingie kwa mganga kama wengine, mganga asijue.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza.

"Wenzako walikuwa wanamsema mganga, wewe ukasema na yeye ni mtu, anachoka. Nataka mtu anayeona pande zote mbili."

Labda alinisifu bure. Nilifika darasa la nne tu, kule Nambis, na hiyo tabia ya pande mbili mume wangu anaiita kutojua ninachotaka.

Alinipa ugonjwa wangu. Kichwa kinauma, silali, na kwa siri nakunywa dawa ya mizizi. Siri hiyo nisiitoe ovyo. Nikiona moyo wangu umefunguka kwa jinsi mganga anavyonisikiliza, nimwambie. Usipofunguka, ninyamaze. Halafu jioni angekuja nyumbani kuniuliza swali moja: ungerudi kwake? Jibu langu lingekwenda wilayani pamoja na mengine aliyoyasikia, kwa sababu malalamiko juu ya mganga wetu yalishafika huko na walikuwa wanafikiria kumhamisha.

Nimweleze huyo mganga kwa haki. Alikuwa kijana bado. Alitukuta zahanati imefungwa masika yote, mtoto akiugua anabebwa mgongoni mpaka hospitali ya mbali. Yeye akafungua mlango na hakuufunga tena. Dawa zetu hakuziuza. Sindano yake ilikuwa nyepesi. Lakini mdomo wake! Ukiingia, hainui macho. Anasema, "Sema." Kwa mtoto, "Sema." Kwa mzee aliyevua kofia mlangoni, "Sema." Nimeona wazee wanamwamkia yeye shikamoo, kijana wa umri wa watoto wao, kwa sababu ya lile koti jeupe, naye anawaitikia kwa kutikisa kalamu.

Habari ya ugonjwa wangu nilimwambia jirani yangu peke yake. Nilidhani mgonjwa wa uongo anahitaji angalau shahidi mmoja. Huyu jirani alipokuwa anajifungua, mganga alimwambia, "Unamlilia nani, mimi?" Mtoto alikuwa ameshaota meno na mama yake hajasamehe.

"Mungu amesikia!" akasema, akaweka ndoo chini. "Dada, neno lako moja tu, huyu anapanda lori."

"Na akija mwingine mbaya zaidi?"

"Mbaya zaidi hayupo. Walitengeneza mmoja tu."

Basi Alhamisi nikaenda, nimejifunga kitambaa kichwani. Mbele yangu kwenye benchi alikuwepo bibi mmoja wa Kibarabaigi, kutoka upande wa Gendabi, mguu umezungushiwa kitambaa kilichokauka na usaha. Njia yake ya zamani ilishalimwa, kwa hiyo alikuwa amezunguka ngano yote. Mlango wa mganga haukuwa unafungwa, tukasikia yote.

"Sema."

"Mguu."

"Wewe bibi, kabla ya kuja hapa maji huyaoni?"

Bibi akatoka jinsi alivyoingia, na kitambaa chake, akarudi kukaa kwenye benchi kwa ajili ya kupumzika tu. Hakutibiwa. Nikasema moyoni, leo kazi yangu ni rahisi.

Nikaingia. Mama wa chuo kwenye kona alikuwa anatazama ukuta kama hanijui.

"Sema."

"Kichwa, daktari. Na usiku silali."

"Mizizi umekunywa?"

Hapo nilipotea. Moyo wangu ulikuwa umefungwa kwa kufuli, lakini swali ndilo lenyewe! Hakuna aliyenifundisha la kufanya kama moyo haujafunguka na swali limefika. Nikaogopa kumnyima mtu haki yake.

"Nimekunywa," nikasema.

"Mizizi gani?"

Hilo pia sikufundishwa. Nikataja wa kwanza ulionijia kichwani, ule mchungu ambao marehemu bibi yangu alikuwa anawanywesha ndama wenye minyoo.

Kalamu ikaanguka. Kwa mara ya kwanza niliyaona macho ya mganga wetu, na ni mazuri tu, ya kahawia. "Wa ndama?" akapiga kelele. "Ninyi watu wa milimani mnakula miti kama mbuzi! Sikupi kidonge hata kimoja juu ya hiyo sumu! Nenda kalale!" Benchi zima likacheka.

Nilifika nyumbani nimekasirika, nikachukua mchi nikaanza kutwanga. Si muda jirani akaingia, kuku kwapani.

"Mgonjwa haonwi kwa mikono mitupu," akasema. "Huyu ni kuku wa kumhamisha mganga."

"Mpeleke nyumbani, sijajibu swali bado."

"Kuku hajui wilaya. Leo anachinjwa. Ukimla, neno lako litoke zuri."

Tulikuwa bado tunabishana alipochungulia nje akasema, "Lala! Lala upesi!" Nikaruka kitandani na kanga yenye unga. Aliyekuwa anakuja ni yule bibi. Alikuwa amesikia kelele za mizizi, akaenda kwa binti yake anayekaa jirani na kambi, sasa anachechemea kuniletea kibuyu cha maziwa. Mtu aliyenyimwa dawa asubuhi ananiletea mimi maziwa, na mimi siumwi. Nilitaka kusema ukweli, nikakumbuka nilimwahidi mama wa chuo. Nikaguna.

Bibi akaniwekea mkono kwenye paji la uso. "Hana joto," akamwambia jirani.

"Ugonjwa wa ndani, bibi."

"Ndani wapi?"

"Ndani kabisa."

Bibi akavuta kigoda karibu na moto, akakaa. Jirani ilibidi achinje, anyonyoe na apike yeye mwenyewe, maana mgonjwa ni mimi. Alinitazama kwa jicho moja, nikajikunja zaidi.

Jua lilikuwa linazama tuliposikia, "Hodi."

"Karibu," akaitika bibi, yeye ndiye mkubwa.

Akaingia mganga, bila koti, ameinama kwa sababu mlango wetu ni mfupi. Nyuma yake mama wa chuo, amebana midomo. Baadaye aliniambia mganga hakula mchana, akawa anazunguka chumba akisema yule mama wa mizizi atakufa, na yeye mama wa chuo asingeweza kumzuia bila kuharibu utafiti wake. Kama alikuja kwa huruma au kwa kuogopa kwamba nitamfia mkononi, siwezi kuapa. Pengine yote mawili.

Ndani kulikuwa na mzee amekaa karibu na moto. Huku kwetu huwezi kumpita. Hata mwizi angesalimu kwanza.

"Shikamoo, bibi," mganga akasema, na kichwa akainamisha vizuri.

"Marahaba. Wewe mtoto wa wapi?"

"Mimi ndiye mganga, bibi. Ulikuja kwangu asubuhi."

"Hapana," bibi akasema. "Yule hana shikamoo. Ni ndugu yako? Mnafanana masikio."

Jirani aligeukia ukuta, mabega yanatikisika.

"Ni mimi, bibi."

"Mpe pole mama yenu. Kuzaa wawili, mmoja yuko vile."

Mganga akakaa kwenye kigoda cha pili, chini kando ya kitanda changu, hata ikabidi ainue uso kuniona. Na kwa kuwa ni mgeni hakuweza kusema "Sema." Aliuliza habari za nyumbani. Akauliza watoto, akauliza mume wangu na kombaini yake ya kuvunia, akauliza baridi tunaionaje. Ndipo akasema, taratibu kabisa, "Mama, ule mzizi ulikunywa mwingi?"

"Kidogo."

"Umetapika?"

"Bado."

"Basi Mungu yupo." Akafuta jasho, na upepo wote ule wa baridi. Kisha akamgeukia bibi. "Bibi, naomba niuone mguu."

Bibi alifikiri. Halafu akaunyoosha mguu mpaka mapajani kwa mganga, kama malkia. Mganga akaomba maji ya moto. Jirani akampa yaliyobaki ya kunyonyolea kuku, bado masafi, nilimwona alivyosita kabla ya kuyamimina. Wakati mganga anaosha kidonda, bibi akamuuliza, "Kesho nikija, nitakukuta wewe au ndugu yako?"

Masikio ya mganga, yale yanayofanana, yaliiva.

Mama wa chuo akainama juu yangu kana kwamba ananipa pole. "Ungerudi kwake?" akaninong'oneza.

"Hapa, ningerudi kila siku. Kule, hata kwa jino nisingerudi."

"Lakini ni mtu mmoja."

"Bibi anasema wawili."

"Nipe jibu moja, mama. Wilayani wanataka moja."

Jirani alikuwa anakoroga sufuria huku sikio lake lote liko kwangu. Nilinusa kuku. Nilikumbuka malipo yake. Nikakumbuka pia ule mlango uliofungwa masika yote, na mguu wa bibi ukanyooka mbele ya macho yangu.

"Asihamishwe yeye," nikasema. "Kihamishwe kiti. Sisi tukae ndani, yeye awe nje, aingie kwa hodi."

Nilisema bila kupima. Mpaka leo sina hakika kama lilikuwa jibu au nilikuwa nakwepa swali. Lakini mama wa chuo alinitazama sana, akaondoka kitandani pangu.

Niseme yaliyofuata, kisha nirudi kwenye sufuria. Mama wa chuo alilipeleka neno langu wilayani, wakajaribu. Mgonjwa wa kwanza aliwekwa ndani, akakaa. Mganga akasimama nje ya mlango wake mwenyewe na kalamu, amenuna, mpaka watu wa benchi wakaanza kukohoa. Mwishowe akasema "Hodi" kama mtu aliyefinywa. "Karibu," mgonjwa akaitika, na baada ya karibu hakuna mtu anayeweza kuanza na "Sema." Hakuhamishwa. Nisimpake rangi: siku zenye watu wengi "Sema" ilimtoroka, na wako waliosema hodi zinawachelewesha. Jirani yangu anasema alibaki mkorofi yule yule ila sasa anabisha hodi. Habari ya mizizi yangu aliambiwa baadaye. Alinuna wiki nzima, na tangu hapo kila nikienda ananiuliza, "Leo unaumwa ugonjwa wa kweli au wa chuo?"

Bibi alirudi mpaka kidonda kikafunga. Kila akija aliuliza, "Yule ndugu yako hajambo?"

"Alihamishwa, bibi," mganga akawa anamjibu.

Sasa jioni ile. Mume wangu alirudi kutoka shambani, vumbi mpaka kwenye kope, akakuta nyumba imejaa. "Nani amekufa?" akauliza. Alipoona hakuna, na sufuria inachemka, akawakataza wageni kuondoka. Mganga akajaribu kukataa, akashindwa. Kabla ya kunawa akatoa amri: mgonjwa asile kitu kizito, apewe uji mwepesi, bila chumvi, mpaka kesho.

"Hata supu ya kuku?" jirani akauliza upesi.

"Hasa supu ya kuku."

"Umesikia, dada? Daktari amesema."

Wakala ugali wa mahindi na kuku wa kumhamisha mganga. Jirani ndiye aliyemmiminia mganga maji ya kunawa, na mume wangu, asiyejua lolote, akampa firigisi. Bibi alikula paja na kulisifu. Mimi nilikunywa uji wa ulezi, bila chumvi, uliotiwa maziwa ya bibi, bakuli mbili.