Samaki Aliyejaza Watoto Mdomoni

Shombo la samaki wabichi hunirudisha soko la Katonga, kando ya ziwa, hadi leo. Mama alinunua samaki mmoja wa kuwapikia wageni jioni, akiwa hai bado, mashavu yamemvimba, akamtia kwenye beseni langu la maji. Mara samaki akatema vitu vidogo kama punje za mchele, vyenye macho.

"Mlafi huyu! Amekula watoto wa wenzake," muuzaji akasema.

"Hajawala! Si hawa wanaogelea?" nikamjibu.

Wanawake waliokuwa sokoni wakaangua kicheko. Kwa hasira nikatumbukiza mkono majini. Samaki akapanua mdomo, na vile vitoto vyote vikakimbilia ndani, kama sisi watoto tukikimbilia nyumbani mvua ikianza. Kicheko kikakatika.

Mama akainama kumtazama samaki. "Mrudishe," akaniambia.

Nilibeba beseni hadi ziwani, wanawake nyuma yangu wakipiga vigelegele kama tunasindikiza bibi harusi. Nikaliinamisha. Samaki akaondoka taratibu, mdomo kaufumba.

Jioni wageni wakaandaliwa dagaa. Walipouliza samaki waliyeahidiwa yuko wapi, mama alininyooshea mwiko.

"Muulizeni huyu. Ndiye mwenye samaki."