Almasi Kidoleni mwa Dada

Dada yangu alipoposwa alipewa pete ya almasi, na kwetu hilo lilikuwa jambo la kufichwa. Sisi ni Wasabato wa Kendu Bay. Mama alikuwa shemasi kanisani, na tangu tukiwa wadogo alitufundisha kwamba mwili wa mwanamke haupambwi kwa madini. Hatukutobolewa masikio. Hatukuvaa hata zile bangili za plastiki ambazo wasichana wenzetu walinunua sokoni. "Dhahabu inatungoja mbinguni," alikuwa akisema. "Hapa duniani funga kitambaa chako vizuri, inatosha."

Dada alikuwa muuguzi mjini Homa Bay. Mchumba wake alikuwa na lori lililopeleka omena, dagaa wa ziwani, Tanzania kupitia mpaka wa Isebania, na katika safari moja ya Mwanza akarudi na pete hiyo. Nilikuwepo alipomvisha. Tulikuwa chumbani kwa dada tukila samaki, na shemeji akamwambia aende anawe mikono kwanza. Dada alidhani anataniwa. Akanawa, akajifuta kwa leso, naye shemeji akamvisha pale pale mezani, kati ya sahani zenye miiba.

Nilikuwa nimetarajia kitu kikubwa. Wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi nje kidogo ya Migori, na mjini humo nilikuwa nimewaona wake wa wafanyabiashara wakivaa pete za kila namna, zenye mawe mekundu na ya kijani mapana kuliko kidole chenyewe. Ya dada ilikuwa na jiwe moja tu, dogo kama punje ya mtama, juu ya duara jembamba la dhahabu. Lakini alipoinua kikombe cha chai nilijikuta nautazama mkono wake, mkono nilioujua maisha yangu yote, kana kwamba ni wa mgeni fulani wa heshima. Kucha zake zilikuwa fupi kwa ajili ya kazi, na ngozi ilikuwa imekaushwa na dawa za hospitali. Hayo hayakuharibu kitu.

Akiwa kazini aliivua na kuibana kwa pini ndani ya mfuko wa sare yake. Akija nyumbani aliifunga kwenye hanchifu kabla ya kushuka stejini. Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku moja, wakichambua mchele pamoja, Mama alipoona alama kwenye kidole chake.

"Hiki kidole kilifungwa nini?"

"Pete, Mama."

"Ya nani?"

"Yangu."

Mama aliendelea kuchambua mchele. Alipofika mwisho wa ungo akasema, "Isiingie kanisani."

Haikuingia. Siku ya arusi mchungaji aliwapa maarusi Biblia wabadilishane, watu wakaimba, na dada akaivaa pete yake walipokwisha kuvuka lango la kanisa. Kwenye picha zilizopigwa kando ya ziwa anayo. Kwenye zile za kanisani hana.

Waliishi Homa Bay, vizuri kwa kadiri nilivyoona. Kisha shemeji akaanza kuugua. Miaka ile tulikuwa tumejifunza kutouliza mtu anaugua nini. Mafundi mbao wa mjini walikuwa wamesogea hadi kando ya barabara, na majeneza yalisimamishwa ukutani kama milango inayosubiri nyumba. Hakukuwa na mwisho wa juma usio na matanga mahali fulani. Maneno ya pole yalitembea kutoka boma hadi boma yakichakaa, mpaka watu wakawa wanashikana mikono tu na kuketi.

Shemeji alizikwa kwao, upande wa Migori. Dada alirudi kazini, halafu akawa anakwenda siku moja na kukosa nyingine, halafu Mama akamfuata na kumleta nyumbani. Mimi nilikuwa nikifika Ijumaa kabla ya jua kutua na kuondoka Jumapili. Ningependa kuandika kwamba nilihuzunika. Nilifua mashuka, nilikoroga uji, nilisahihisha kazi za wanafunzi nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake. Zaidi ya hapo sikumbuki kwamba kulikuwa na kitu ndani yangu.

Alikonda hata pete ikawa inazunguka, jiwe likielekea kiganjani. Asubuhi moja Mama alikuwa akimwosha mikono kwenye karai, ikaponyoka na kuzama ndani ya povu. Mama alipapasa, akaitoa, akaisuuza, akaikausha kwa upindo wa leso yake. Kabla ya hapo hakuwa ameigusa. Alichukua uzi mweupe wa kushonea, akauzungusha upande wa chini wa pete mpaka ukawa mnene, akamrudishia dada kidoleni.

Dada aliitazama kwa muda. "Mama, sasa inaonekana kama ya kuokota."

"Lakini haianguki."

"Ni kweli, haianguki." Akanigeukia mimi. "Migori kuna sonara. Nipelekee aipunguze."

Nilikata uzi mwingine, nikakipima kidole chake, nikafunga fundo. Mkono wake ulikuwa na joto. Nikautia ule uzi na pete ndani ya bahasha ndogo, nayo nikaiweka kifuani.

Sonara huyo alikuwa mzee Mwislamu aliyehamia Migori kutoka Mombasa, na duka lake lilikuwa nyuma ya soko, jirani na mashine ya kusaga mahindi. "Karibu, mwanangu, kaa kitako," aliniambia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuzaliwa nacho. Changu kilikuwa cha darasani, na Kijaluo kikisikika chini yake. Alipachika lenzi jichoni, akaikata ile kamba ya uzi ya Mama, akaigeuza pete huku na huku.

"Aliyeichagua ana jicho," akasema.

"Lakini jiwe lake ni dogo."

"Ni dogo, naam. Tazama lilivyokaa. Limelala karibu na kidole. Jiwe likipandishwa juu sana huwa kama limegombana na mkono. Na hivi vikucha vinavyolishika ni vyembamba, mwanga unaingia hata kwa chini. Mwingine angeongeza nakshi pembeni, angeongeza na vijiwe viwili vya kuzungumza nalo." Akatabasamu kidogo. "Huyu ameacha nafasi. Pete nzuri huacha nafasi."

"Ndiyo maana inapendeza?"

"Hiyo, na kukaa sawasawa. Pete inayozungukazunguka haina adabu, hata ikiwa ya malkia."

Nikampa uzi wenye fundo. Aliuvuta, akauweka kwenye kijiti chake cha kupimia, akausukuma juu, juu zaidi, mpaka karibu na ncha.

"Ni ya mtoto sasa?"

"Hapana, baba. Ni ya dada yangu. Mkubwa wangu."

Alitoa lenzi jichoni. Aliuangalia ule uzi, kisha akaniangalia mimi, na nadhani alielewa, kwa sababu hapakuwa na mtu mjini asiyeelewa. "Haya," akasema. "Lakini mwambie mapema, kidole kikipungua jiwe huonekana limekua. Asije akafikiri nimembadilishia."

Nilingoja hapo hapo. Aliwasha moto, akakata, akaunga, akasugua. Mashine ya mahindi ilikuwa ikinguruma na unga ulikuwa ukiingia hata dukani na kutua juu ya kioo cha kabati. Nilichokuwa nikifikiria ni mandazi. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa nikijiuliza kama mama wa mandazi pale stejini angekuwa amebakisha. Kipande cha dhahabu kilichokatwa alikifunga ndani ya karatasi akanipa. "Hiki nacho ni chake," akasema.

Ijumaa hiyo dada aliomba tumsogeze hadi mlangoni penye mwanga. Nilimvisha. Ilipita kwenye kifundo kwa kusita kidogo, ikakaa. Alinyoosha vidole, akavikunja, akavinyoosha tena, na jiwe likabaki juu lilipotakiwa kuwa. Nilimweleza alichosema sonara kuhusu jiwe kukua. Akasema, "Ameniibia neno. Nilitaka kukwambia hivyo hivyo."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama nyuma yetu.

"Kumbe ni ndogo hivi," akasema. "Siku ile ya karai sikuitazama. Mimi nilidhani almasi ni kitu cha kumpofusha mtu."

"Ingekuwa kubwa, Mama, ungeona pete. Hii inakuonyesha mkono."

Mama akautazama mkono. Ulikuwa mifupa na mishipa, na ngozi ilikuwa imepata weusi wa ajabu kwenye maungio. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuutazama mimi.

"Ni mkono mzuri," akasema, na akarudi kwenye ugali wake.

Dada alifariki kabla ya mvua za masika kwisha. Alikuwa ameolewa, kwa hiyo ilibidi azikwe kwa mumewe, na huko ndiko Mama na wanawake wawili wa kanisa walikomvalisha. Walimvika gauni lake la arusi, wakalikaza kwa pini mgongoni. Mimi nilishika karai la maji. Mmoja wa wale wanawake, rafiki wa Mama wa miaka mingi, akasema taratibu, "Mama shemasi, hii pete itolewe. Mchungaji yuko nje." Wakati huohuo mtoto wa kike wa boma lile akachungulia mlangoni na kusema ametumwa na baba yake, ndugu wa marehemu shemeji, aseme kwamba pete ni ya nyumba hii na ibaki katika nyumba hii.

Mama aliniambia nimpe glavu nyeupe zilizokuja pamoja na gauni. Nilizitoa ndani ya sanduku. Alianza na mkono wa kulia. Kisha akashika wa kushoto, akaingiza glavu polepole, akisukuma kidole kimoja kimoja, na alipofika kwenye kile chenye pete akakivuta kitambaa mpaka kikapita juu ya jiwe bila kukwama. Chini ya kile kitambaa palionekana kijiuvimbe tu, kama cha mwiba.

"Mchungaji aje," akasema.

Yule rafiki yake akainama, akamsaidia kufunga kifungo cha glavu kwenye kifundo cha mkono.

Baada ya mazishi, watu wakiwa wanakula, ndugu wa shemeji alimjia Mama akiwa amevua kofia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechimba kaburi na vijana tangu alfajiri, na udongo ulikuwa bado kwenye viatu vyake.

"Mama, samahani. Ile pete ya ndugu yangu."

"Iko na mke wa ndugu yako," Mama akasema.

Yule ndugu aligeuka kutazama makaburi mawili yaliyokuwa kando ya nyumba, la zamani lililoanza kuota nyasi na hili jipya. "Basi, Mama," akasema. Akaenda kuwapanga watu waliokuwa wakirudisha viti vya kukodi.

Tulirudi Kendu Bay kwa pikapu ya jirani. Mama alilala begani kwangu karibu njia nzima, na nilichohisi ni uzito wake. Tulipita mahali ambapo wanawake walikuwa wakipanga nyanya mafungu mafungu juu ya magunia, nikafikiri kwamba msimu wa nyanya umefika na sikuwa nimejua. Nyumbani Mama alikunja godoro la dada, akalitoa juani, akaanza kufagia.

Jumatatu nilikuwa shuleni. Mwalimu mkuu alinifuata hadi mlangoni mwa darasa akaniambia kwamba hakuna atakayenilaumu nikikaa nyumbani juma zima. Nilimwambia nyumbani ndiko nilikotoka. Alinipa chaki, nikaingia, watoto wakasimama.