Ukurasa wa Bibi Faida

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, miaka michache kabla ya vita vya pili, uani kwetu Isevya, mjini Tabora, lilitendeka jambo ambalo sijalisamehe hadi leo. Waliokuwepo nawataja mmoja mmoja, maana mimi ni mtu wa kuandika majina. Alikuwepo bibi yangu, mama mzazi wa baba, aliyeitwa Faida. Alikuwepo baba yangu, Yohana Kapaya, mkulima wa karanga na mtama. Alikuwepo mama yangu, Tereza Nyanzala. Alikuwepo Mwalimu Mikaeli Lubeleje, aliyetufundisha darasa la nne katika shule ya misheni. Alikuwepo jirani yetu, Mzee Songoro, msuka mikeka, mtu wa utani asiyejua kunyamaza. Nilikuwepo mimi, Petro Mihayo. Na alikuwepo Mzungu mmoja, mtaalamu wa lugha. Jina lake nalijua, hata herufi zake nazijua, lakini siliandiki hapa.

Faida si jina ambalo bibi alipewa na mama yake. Alipewa na mtu aliyemnunua. Aliletwa na msafara kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika akiwa na miaka sita au saba. Alivushwa ziwa, akashushwa Ujiji, akatembezwa kwa miguu hadi Unyanyembe, ndiko huku Tabora. Watu wa namna yake mjini kwetu waliitwa Wamanyema wote kwa jumla, kama vile mtu aite kila nafaka mtama. Yeye mwenyewe hakujua jina la kabila lake wala la kijiji chake. Mtoto wa miaka sita huita kwao "nyumbani", na hakuna anayemfundisha jina jingine. Baadaye, Wajerumani walipokwisha kuishika nchi, babu yangu aliyekuwa mpagazi alimkuta mtaa wa Gongoni akitwanga, akamwoa.

Kitu pekee alichobaki nacho cha kwao ni maneno, kama sitini hivi. Nyuma ya jiko alikuwa na kibanda cha nyasi, kimo chake hakizidi goti, na humo ndimo alimosema mizimu yake inakaa. Kila alfajiri, kabla hajamjibu mtu salamu, alikoroga unga wa mtama kwa maji, akaumwaga kidogo mbele ya kibanda, akasema maneno yake kwa sauti ya chini. Baba alikuwa Mkristo, akajifanya haoni. Bibi mwenyewe hakubatizwa.

Siku moja nilimwuliza kwa nini asiombe kwa Kinyamwezi, lugha aliyoijua kuliko hata mama yangu.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu, "mizimu yangu haijui Kinyamwezi. Itajuaje kama ni mimi ninayeiita?"

Kisha akanionya. Maneno yale hayakusemwa mchana, wala mbele ya mgeni. "Hayo ndiyo kamba iliyoifunga mizimu yangu hapa. Mgeni akiondoka na maneno, yenyewe itamfuata. Nitabaki kama nyumba iliyohamwa."

Mzee Songoro aliamini vivyo hivyo. Naye aliletwa mtoto, kutoka kusini, na yeye pia alikuwa na maneno yake ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia.

Mzungu alikuja shuleni siku ya Jumatatu. Alituambia kwamba lugha za watu weusi, tangu pwani hadi ng'ambo ya ziwa na hadi kusini mwa bara, ni mabinti wa mama mmoja, na kwamba zamani sana wazee wetu walikaa mahali pamoja wakisema lugha moja. Aliandika ubaoni maneno ya makabila mbalimbali, nasi tukaona kwa macho yetu jinsi yanavyofanana. Sikumbuki somo jingine lililonifurahisha kama lile. Alipouliza nani ana mzee nyumbani mwenye lugha iliyotoka mbali, niliinua mkono, nikawataja bibi yangu na Mzee Songoro. Mkono ule ningeweza, ningeushusha.

Jumanne asubuhi Mwalimu Mikaeli akamleta kwetu.

"Shikamoo, mama," alisema Mwalimu.

"Marahaba. Mgeni wako anatafuta nini?"

Mzungu alijibu mwenyewe. Alijua Kiswahili, Kiswahili cha vitabuni, kilichonyooka kama nguo iliyopigwa pasi. "Natafuta maneno ya kwenu, bibi. Maneno tu."

"Unasema 'tu' kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani," bibi alisema. "Sina."

Mzee Songoro, aliyekuwa ameketi na mkeka wake magotini, akacheka. "Njoo kwangu, Bwana. Mimi yamejaa, usiku yananizuia kulala."

Akahojiwa pale pale. Moto? Akajibu. Maji? Akajibu. Kichwa, mbwa, njia, mwezi, yote aliyajibu bila kusita, kwa uso wa mtu anayeungama kanisani. Mzungu alimrudia swali la kwanza ili kumpima, naye akajibu vile vile. Kalamu ya yule mtu ikaanza kukimbia. Alimwambia Mwalimu kwamba maneno haya hayafanani na lugha yoyote anayoijua, na kwamba huenda ni mabaki ya watu wa kale kabisa waliokuwepo kabla ya wote. Mzee Songoro akapewa tumbaku.

Bibi alikuwa akitazama. Mzungu alipofunga daftari lake kubwa, akamwita.

"Maneno haya ukishayaandika, unayafanyia nini?"

"Nayalinganisha na ya watu wengine. Hivyo najua msemaji ametoka wapi."

"Mtu asiyejua alikotoka, unaweza kumwambia?"

"Naweza."

"Utaniambia mimi jina la kwetu?"

"Nitakuambia."

Baba yangu alisikia ahadi hiyo. Mama yangu alisikia, Mwalimu alisikia, nami nilisikia. Bibi akasema, "Njoo kesho."

Jioni ile Mzee Songoro alikuja kwetu akiwa amekasirika. "Faida, umerukwa na akili? Unadhani mimi nimempa ya kweli? Nimempa kelele za kufukuzia kweleakwelea shambani! Kila ndege nimemfukuza. Nawe mpe ya uongo, ya kweli waachie wenyewe."

"Nikimpa ya uongo," bibi alisema, "atanipeleka kwa watu wa uongo. Mimi nataka kwetu."

"Na mizimu ikimfuata?"

"Akinionyesha kwetu, itakuwa imetangulia tu."

Basi akayatoa. Jumatano na Alhamisi aliketi kwenye kigoda, mchana kweupe, akatoa maneno ambayo hata baba yangu, aliyemzaa, hakuwahi kuyasikia. Alikuwa akifumba macho kabla ya kila neno. Siku ya Alhamisi alifika kwenye neno la mvua.

"Mbula," alisema.

Mzungu akainua kalamu. "Hilo ni Kinyamwezi."

"Ndivyo alivyosema mama yangu."

Akatueleza habari ambayo sisi wa nyumbani hatukuijua. Siku ya kwanza alipofikishwa Tabora, walikalishwa uani, watoto wengi, na hakuna aliyeelewa neno la mtu. Mvua ikaanza kudondoka. Nje ya ua mwanamke mmoja akapaza sauti, "Mbula!" Bibi aliinuka, akakimbia, akapita mlangoni, akamshika mwanamke yule nguo, akiamini ni mama yake. Alikuwa Mnyamwezi muuza karanga. Alicheka kwanza, kisha alipomtazama mtoto vizuri akaacha kucheka. Hakumsukuma. Alimtilia karanga za kukaanga mkononi, akamrudisha taratibu.

"Siku ile nikajua kwamba mama yangu hayupo hapa," bibi alisema, "lakini wapo watu ambao mama zao na mama yangu walinyonya titi moja. Nikasema, basi, hapa sitakufa."

Mzungu hakuandika hata neno moja la habari hiyo. Aliweka alama ndogo pembeni mwa mbula na kuendelea.

Ijumaa alikaa akisoma ukurasa wa bibi, akiweka alama. Kila neno lililofanana na Kinyamwezi au Kiswahili lilipata alama, na yaliyopata yalikuwa zaidi ya nusu. Kisha akachukua rula, akapiga mstari kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini.

"Bibi huyu amesahau lugha yake," alimwambia Mwalimu kwa Kiswahili, bibi akiwa ameketi hatua tatu tu kutoka kwake. "Ameokota maneno ya huku akayachanganya. Hayafai kwa kazi."

"Na kwetu?" bibi aliuliza. "Uliniahidi."

"Haiwezekani kujua."

Nilikuwa mtoto, na mtoto wa kwetu hakusema mbele ya wakubwa, lakini nilisema. "Bwana, Jumatatu ulitufundisha kwamba lugha hizi ni ndugu. Sasa ndugu wasifanane?"

Mwalimu Mikaeli alinishika sikio. "Nyamaza, Mihayo!" Lakini niliona macho yake, na najua kwamba swali lilikuwa lake pia. Alikuwa na mshahara wa kulinda na mimi sikuwa nao. Nimejaribu miaka mingi kumwelewa, na bado nasema angeweza kuuliza.

Mzungu alinijibu kwa upole. Upole huo ndio unaoniudhi zaidi ninapoukumbuka. "Kufanana kwa asili ni jambo moja, kijana. Uchafu ulioingia baadaye ni jambo jingine."

"Uchafu ni mimi?" bibi aliuliza.

Baba yangu alikuwa amesimama na kofia yake mikononi, akiizungusha.

"Basi nirudishie," bibi alisema.

"Nikurudishie nini?"

"Karatasi. Kama haikufai, nipe niondoke nayo."

"Siwezi kuichana," alisema Mzungu. "Nyuma yake kuna maneno ya yule mzee, na hayo yana thamani kubwa."

Mzee Songoro aliuangusha mkeka wake. Sikuwahi kumwona mzee yule bila mzaha usoni kabla ya siku hiyo. "Bwana," alisema, "yangu yalikuwa ya uongo. Nilikupa kelele za kufukuzia ndege. Chana, umpe mwenzangu yake."

Mzungu alitabasamu. "Wazee hupenda mzaha," alimwambia Mwalimu, akafunga daftari kwa kamba zake, akaaga mmoja mmoja kwa adabu, akaondoka nalo.

Jumamosi alfajiri nilichungulia kutoka mlango wa jiko. Bibi alikoroga unga kama siku zote, akasimama mbele ya kibanda, akafumbua kinywa. Hakutoa sauti. Alisimama hivyo kwa muda mrefu hata kuku wakatoka, kisha akaumwaga unga wote chini nao wakaula. Aliponiona hakunikemea.

"Hawapo, mume wangu," alisema. "Wamemfuata."

Hakuenda tena nyuma ya jiko. Mama alimpikia kila alichokipenda, akawa anaonja na kusukuma sahani. Mzee Songoro alikuwa akija kuketi mlangoni mwake bila kusema kitu, na ukimya wake ulitutisha sisi watoto kuliko ugonjwa wenyewe. Dispensari walimpa dawa ya homa, ingawa hakuwa na homa.

Mimi nimesomeshwa na watu wa namna ya yule bwana, na nilichojifunza kwao nimekitumia maisha yangu yote. Sisemi kwamba mizimu iliondoka ndani ya daftari. Nasema kwamba bibi alionya litakalotokea, na likatokea, na kati ya watu wote waliokuwa uani siku ile yeye peke yake ndiye aliyejua thamani ya kilichochukuliwa. Yule bwana alikuwa amekuja kutafuta undugu wa watu. Undugu huo ulipoketi mbele yake kwenye kigoda, una jina, una macho, una karanga mkononi, aliuona takataka, akaupigia mstari kwa rula. Kelele za kufukuzia ndege ndizo alizozipa heshima, kwa kuwa hazikuwa na undugu na mtu yeyote.

Nilipokuwa mtu mzima niliajiriwa karani wa reli, nikahamishiwa Kigoma. Jumapili moja nilikwenda sokoni Ujiji, ambako watu wa ng'ambo ya ziwa huuza dagaa na mafuta ya mawese. Nilikuwa bado nakumbuka maneno ishirini na moja ya bibi. Niliyasema mbele ya mama mmoja muuza mawese, naye akanikatiza kwa furaha. "Huyo ni wetu!" alisema. "Bibi yako ni wa kwetu kabisa." Hatua chache mbele nikayasema kwa mzee wa kabila jingine, akaniambia hivyo hivyo. Mtu wa tatu, wa kabila la tatu, alinishika mkono asitake kuuachia, akaniuliza kwa nini bibi hajarudi.

Ilinichukua mchana mmoja, kwa miguu, bila daftari. Jibu lilikuwepo siku zote. Yule bwana angeweza kumwambia: bibi, wewe ni wa watu hawa, au wa ndugu zao, au wa ndugu za ndugu zao, na wote wangekupokea. Lingemtosha. Lakini alitaka kitu safi, na mtu aliyenyang'anywa kwao akiwa na miaka sita hana kitu safi cha kumpa msomi.

Nilisimama pale sokoni nikiwa na hasira ambayo haikuwa na wa kuipokea, nikanunua chupa ya mawese ambayo sikuihitaji.

Bibi Faida alifariki mwezi wa Oktoba mwaka ule ule ukurasa wake ulipopigiwa mstari, siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, nyumbani kwetu Isevya.