Bi Mwanaasha na Haya ya Mkwe

Bi Mwanaasha, mjane wa Kipemba, alikuja Nguvumali kukaa kwa binti yake Tuhfa. Mkwewe, Fadhil, alimpenda kama mama mzazi. Hata hivyo, hakuna siku ambayo Bi Mwanaasha alikula mbele yake. Fadhil akiingia, sahani inasukumwa kando, kanga inapanda mdomoni. Kwao mkwe haonyeshwi kinywa.

Kisha kiharusi kikamlegeza upande wa kushoto. Hospitali walimrudisha na maagizo: afanye mazoezi, ale chakula laini akiwa ameketi wima, na kila baada ya mlo mtu amsafishe kinywa. Shavu lililolegea huficha makombo, walisema, na makombo yakiingia mapafuni huleta homa ya kuua.

Mazoezi aliyafanya kwa hasira. Alishika ukuta, akasimama, akaanza kutembea. Mtaa mzima tulimsifu miguu, na mimi jirani yao nikamtania kwamba karibu atatukimbiza. Kinywa hatukukiulizia.

Nikaenda Mkwaja kumuuguza dada yangu. Huku nyuma Tuhfa alishinda sokoni akiuza vitumbua, na mchana mgonjwa alibaki na Fadhil, fundi cherehani. Alimwekea wali wa bokoboko, uliopondwa laini kama uji, akampa mgongo kwa adabu mpaka amalize.

"Mama, nikusafishe kinywa?"

"Wacha, baba. Tuhfa yuaja."

Tuhfa akirudi, mamake anamwambia keshasafishwa. Jamani, adabu gani hii ya kuzikana! Mficha maradhi kilio humuumbua.

Niliporudi nilimkuta amekonda, anakohoa hata akinyamaza. Nilipoinama kumwamkia, harufu ya kinywa chake ilinitia hofu. Mwili ulikuwa moto.

"Fadhil, mshike nimtazame kinywa," nikasema.

Akamshika, uso kaugeuzia ukutani. Bi Mwanaasha akabana meno. Nikamfukuza Fadhil nje, na mara mgonjwa akafungua kinywa. Shavuni mlikuwa na wali uliooza, umegandamana hadi kwenye ufizi. Niliutoa kwa kitambaa huku nikilia, na kifua chake kikikoroma.

Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Muuguzi akaleta mpira wa kunyonya makohozi, akamwamuru Fadhil, "Wewe, mfungue mdomo."

Fadhil alisita. "Mama, nisamehe," akasema, akaingiza vidole.

Bi Mwanaasha alikuwa macho, anamtazama. Nikangoja abane meno, nikamwomba Mungu ayabane, nijue bado ana nguvu za kuona haya. Hakuyabana.