Masizi ya Paa la Bi Olive

Clifford Cudmore alikuwa na miaka sitini na mitatu na magoti yaliyokwisha kuichukia ngazi, lakini bado alipanda juu ya mapaa ya Devon, Uingereza, na mzigo wa mabua ya ngano ya kuezekea begani. Maneno hayakumwishia. Kitu kimoja tu hakukigusia kamwe: nyumba ya akina Hext, aliyoiezua akiwa na miaka kumi na tisa.

Wiki ile fundi aliyekuwa akimfundisha kazi aliugua, na mwenye nyumba alitaka paa jipya lote. Kwa waezekaji wa huko kufumua paa lote ni mwiko. Unakwangua tabaka la juu lililooza, unaezeka jipya juu ya la zamani, na la chini kabisa huligusi, kama ambavyo baba yako na babu yako hawakuligusa. Clifford alitaka sifa. Alifumua hadi makombamoyo, akayachoma mabua yote shambani. Fundi aliporudi, alilitazama jivu, kisha hakumsemesha mpaka mavuno. Masizi yalimkaa Clifford masikioni siku tatu, na rohoni miaka arobaini na minne.

Sasa Bi Olive Westaway, mjane wa miaka themanini na miwili, alikuwa amemwita yeye, akiwaacha waezekaji wawili vijana wa jirani. Mkaguzi wa majengo, Bwana Pinder, alikuwa ameandika kwamba paa limeoza lote, lifumuliwe, na mama ahame mwaka mzima. Mwanawe alikwisha kumtafutia chumba katika nyumba ya wazee mjini.

"Nikitoka humu, Cliff, sirudi," alisema akimmiminia chai.

"Ngoja kwanza, binti, nikaone mwenyewe." Huko mwanamke huitwa binti hadi siku anayozikwa.

Alijipenyeza darini kupitia mlango mdogo juu ya chumba cha kulala, akawasha tochi. Kila kitu kilikuwa cheusi na kinang'aa: boriti, fito, mabua. Clifford alikaa juu ya boriti akalia, kwani mabua meusi kama hayo ndiyo aliyoyachoma kwa akina Hext. Hapo zamani nyumba ilikuwa ukumbi mmoja ulio wazi hadi kileleni mwa paa, moto ukiwaka katikati ya sakafu, na moshi ukijitafutia njia kwenye mabua. Vizazi kadhaa vilipika na kukohoa hivyo, mpaka mtu mmoja akachoka akajenga dohani. Mwingine akaweka sakafu ya juu, akaugawa ukumbi vyumba. Mabua meusi yakabaki gizani, na kila kizazi kikaezeka juu yake.

Alhamisi Bwana Pinder alifika na koti safi. Clifford alimweleza, naye akajibu kwamba mabua meusi hivyo ni mabua yaliyooza, mjadala umekwisha. Clifford akamsihi apande darini walau dakika tano, kisha akatangulia kupanda, magoti yake mwenyewe yakimlilia kwenye kila kidato. Huko juu alichomoa bua moja, suke likiwa bado kichwani.

"Livunje."

Lilivunjika kwa mlio, kavu kabisa.

"Nyama ya nguruwe mnaitundika wapi isioze? Si kwenye moshi? Hili limekaa moshini miaka mia na zaidi. Kilichooza kiko juu, kwenye mvua."

Pinder alivua koti, akautumbukiza mkono kwenye mabua hadi kwapani. Ulitoka mweusi na mkavu.

"Tabaka la juu tu, basi," alisema. "Mama abaki. Ila atavumilia vumbi."

Kiangazi chote Clifford aliezeka, na Bi Olive alilalamika kutoka chini kwamba anaimba vibaya. Siku ya mwisho, wakinywa chai bustanini, yalimtoka. Alimsimulia yote: papara yake, moto shambani, fundi wake kununa. Hakumtazama alipokuwa akisema.

"Najua," alisema Bi Olive. "Nilizaliwa nyumba ile, Cliff. Kaka yangu ndiye mwenye nyumba aliyekuagiza. Nilikuona ukichoma."

Clifford aliweka kikombe chini. "Ukaniita hata hivyo?"

"Wale vijana wawili bado hawajachoma paa la mtu," alisema, akimsogezea sahani ya keki. "Nilitaka ambaye hatarudia."