Goti la Kinyozi

Mimi ni fundi cherehani na mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo nitasema mapema: yule mzee wa ghorofa ya juu, tunayemwita Kinyozi, alikuwa mwongo. Mwongo mwenye adabu zake, shati limepigwa pasi, ananukia sabuni, lakini mwongo. Nilimnasa mwenyewe.

Kwanza mumjue. Maisha yake yote alinyoa watu. Ukikaa kwenye kiti chake anakufunga shuka shingoni, halafu maswali yanaanza: umeamkaje, watoto hawajambo, yule mkwe wako bado ana gubu? Watu walikuwa wanakwenda kwake hata nywele hazijaota. Baadaye goti la kulia likaanza kumvimba, kusimama kutwa kukamshinda, akauza kiti na vioo akakaa nyumbani. Mkewe alikwisha fariki. Binti yake anaishi mbali na kazi zimemzidi, akipiga simu ni, "Baba, upo?" Naye, "Nipo, mwanangu." "Haya baba, tutaongea." Basi, imetoka hiyo. Mtu aliyeulizia hali za mtaa mzima akawa hana wa kumuulizia yake. Ukitaka kuujua upweke wake ungemtazama akinunua mboga: nyanya moja, kitunguu kimoja, na hapo anasimama kumwongelesha muuzaji mpaka muuzaji anaanza kuangalia pembeni.

Ndipo akasikia kwamba hospitali ya chuo inatafuta wazee wenye magoti mabovu. Kulikuwa na gome la mti ambalo watu wamelichemsha na kulinywa tangu zamani, na sasa wasomi walitaka kujua kama kweli linatibu au ni maneno matupu. Walilikausha, wakalisaga, wakalitia kwenye pakiti ndogo za kukoroga na maji ya uvuguvugu. Wagonjwa wengine walipewa gome lenyewe, wengine unga usio na dawa wenye rangi ileile na uchungu uleule, na hakuna aliyejua kapewa upi. Hata nesi aliyezigawa hakujua. Eti ndivyo inavyotakiwa, ili mtu asije akapona kwa kujipa moyo tu.

Kinyozi naye akajiandikisha. Kila Jumatano wagonjwa walipanda kwenye chumba cha juu hospitalini, wakakaa kwenye benchi, na nesi akawaita mmoja mmoja. Huyo nesi alikuwa binti mpole, anasomea mambo hayo hayo ya miti ya dawa. Alikwenda porini mwenyewe kulichuma lile gome, na shahada yake ilitegemea majibu. Alimketisha Kinyozi, akavuta kiti karibu, akamuuliza: Baba, umelalaje? Ulipoamka goti lilisemaje? Umeweza kupanda ngazi? Nani alikuchotea maji? Halafu mwisho: kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi? Na akawa anamsikiliza kweli, hakati neno. Kinyozi alirudi siku ya kwanza uso unang'aa, akanisimulia mlangoni kwangu mpaka pasi ikaniunguzia kola ya mteja. Nilimfukuza.

Sasa hapo ndipo penye shida. Utaratibu wao ulikuwa kwamba ukishuka chini ya tatu mara mbili mfululizo, unahesabiwa umepona. Unapewa mkono wa hongera na huna haja ya kurudi tena.

Na goti likapona. Najua kwa sababu nilimwona kwa macho haya akipandisha dumu la maji kwa mkono mmoja, anaruka ngazi mbilimbili huku anapiga mluzi. Jumatano iliyofuata nikamwona anatoka kwenda hospitali, anachechemea, kashika ukuta, uso kaukunja utadhani anang'olewa jino. Tena anachechemea mguu wa kushoto! Ebo! Nikaacha cherehani nikamfuata nje.

"Wewe Kinyozi! Goti lako linahama siku hizi?"

Akatazama miguu yake. Akabadilisha mguu papo hapo, bila haya. Tukacheka mpaka nikashika tumbo. Halafu yeye akaacha kucheka kabla yangu.

"Dada yangu, nimekuwa nikiwaambia saba," akasema. "Kila mara saba."

"Kwa nini, mtu mzima wewe?"

"Nikisema moja, Jumatano nitakwenda wapi?"

Nilimpa maneno yake. Nilimwambia anamharibia mtoto wa watu kazi. Akajitetea kwamba benchi zima lina wagonjwa, saba yake moja itaharibu nini? Wenzake watapona, dawa itasifiwa, na yeye aachwe na kijisehemu chake. Akaenda zake, safari hii akichechemea mguu unaostahili.

Ikaendelea hivyo mpaka Jumatano moja nesi hakuita mtu. Alitoka akasimama mbele ya benchi, macho mekundu, akawashukuru kwa uvumilivu wao. Akasema hesabu zimefungwa. Gome halijasaidia kitu. Kati yao wote, karibu hakuna aliyepata nafuu, si wa unga huu wala wa unga ule, na mwalimu wake ameamua kazi isimame. Wasirudi tena.

Kinyozi anasema hakuelewa. Alikaa pale anajiuliza imekuwaje, maana goti lake alilijua. Wakaondoka. Na katika ile huzuni, jamani, wakajisahau. Bibi mmoja wa mwavuli, ambaye siku zote alipandishwa kwa kushikwa mabega, alishuka ngazi mbiombio. Fundi bomba mstaafu akainama akaokota kofia yake chini bila hata kuguna. Mwalimu mmoja mnene, mgonjwa mwenzao, akampita Kinyozi kwa mwendo wa kuwahi gari. Kufika getini wakageuka, wakatazamana, kila mtu akaona miguu ya mwenzake.

Walitawanyika haraka haraka, kila mmoja na njia yake, kama watu waliokutwa wanadokoa jikoni. Na Kinyozi anasema hapo ndipo alipogundua hajui hata mmoja wao anakaa wapi. Muda wote ule kwenye benchi hawakuongea kitu ila magoti.

Akasimama getini peke yake. Aibu ilimchoma, anasema, masikio yakawa ya moto. Mwisho akajikaza akarudi juu.

Nesi alikuwa anapanga pakiti kwenye boksi. Kinyozi akamwambia kila kitu, wima, bila kujipamba: goti lilipona zamani, alidanganya, na anadhani hakuwa peke yake.

Nesi aliacha mikono ndani ya boksi. "Lilipona lini, baba?"

"Zamani, mwanangu. Hata mwezi ulikuwa haujaisha tangu tuanze."

"Na wale wengine?"

"Wajiseme wenyewe. Mimi nimejisema."

Binti akalia. Si kwa kelele, machozi tu yakawa yanashuka na yeye anayafuta kwa mgongo wa mkono. Akaeleza kwamba hata akimpelekea mwalimu habari hiyo, kitakachofanyika ni kuyatupa majibu ya Kinyozi, basi. Ya wengine yatabaki yalivyo. Kinyozi akasema yatupwe, na kama kuna mahali pa kutia sahihi, atatia. Hapakuwa na mahali.

"Baba, si ungeniambia tu?" nesi akasema. "Kama shida ilikuwa mtu wa kuongea naye, ningekuja hata nyumbani kukujulia hali."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Ungekuja lini?"

Binti akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Kinyozi, aliyetazama nyuso za watu kwenye kioo maisha yake yote, akamwona anavyohangaika kutafuta siku, ana masomo, ana zamu, ana mambo yake ya ujana, na siku haipatikani. Hakumwacha ateseke.

"Usijali, mwanangu," akamwambia. "Una kazi nyingi."

Akamsaidia kufunga lile boksi, akaaga, akashuka.