Jedwali la Wanaosubiri

Hospitali nzima ilimwita Mzee Faili, ingawa alikuwa na miaka hamsini na mmoja tu. Kwa miaka kumi na tisa alivuta mafaili ya karatasi kwenye rafu mpaka vumbi likamwachia kikohozi kisichoisha. Kompyuta zilipokuja, wenzake walizikwepa. Yeye akajifunza SQL, ile lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali, akiandika amri zake nyuma ya fomu zilizoharibika. Watani wake wa mapokezi walisema kaoa mke wa pili, mwenye skrini.

Wadi ya upasuaji ilikuwa na kero moja. Kila walipotaka kujua nani anasubiri kupasuliwa, kompyuta ilibidi ipekue rejesta kuu yenye wagonjwa zaidi ya laki moja, na jibu lilichukua dakika saba. Mzee Faili akaandika amri moja: majibu ya swali hili yawekwe kwenye jedwali jipya. Jina, ugonjwa, namba ya simu. Tangu siku hiyo orodha ilifunguka kufumba na kufumbua, na muuguzi mkuu wa wadi, waliyemwita Sista, alimletea chai kwa mkono wake.

Alijua fika kwamba jedwali la namna hiyo ni nakala. Rejesta ikibadilika, lenyewe halina habari. Kwa hiyo kila Jumatatu alilifuta na kulitengeneza upya. Wiki ya tatu Sista akampigia.

"Kaka, kila ukilifuta tunapoteza maelezo yetu. Nani tumempigia, nani hakupatikana, yote tunaandika humo. Liache basi."

"Haya, dada. Nitatafuta namna ya kuyaunganisha."

Kazi zikamzonga, jedwali likabaki bila kufanywa upya, na ile nitatafuta ikabaki nitatafuta.

Mwezi uliofuata alikuja mshonaji mmoja, mjane aliyewahi kumshonea binti yake sare za shule. Alikuwa na uvimbe tumboni na alikuwa kwenye foleni ya upasuaji. Simu yake ilikuwa imeibiwa, akataka namba mpya iandikwe. Mzee Faili akaiandika kwenye rejesta kuu palepale. Baada ya wiki tano yule mama akarudi dirishani kwake.

"Kaka yangu, mbona sipigiwi?"

Akafungua rejesta, akageuza skrini amwonyeshe. "Namba yako hii hapa, iko sawa kabisa. Foleni ni ndefu, dada. Vuta subira."

Akaivuta miezi miwili mingine.

Siku aliyoletwa na binti yake, hakuweza tena kusimama bila kushikwa. Mzee Faili akawapeleka wadini mwenyewe. Sista akafungua jedwali lake. Kwenye mstari wa mshonaji palikuwa na namba ya simu iliyoibiwa, na neno moja limeandikwa mara tatu: hakupatikana, hakupatikana, hakupatikana. Nafasi yake alishapewa mwingine.

Mzee Faili hakuwa na wa kumlaumu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Alirudi ofisini, akalilinganisha jedwali na rejesta, akakuta watu kumi na mmoja waliobadilisha namba, mshonaji akiwa mmoja wao. Wale kumi akawapigia mwenyewe. Saba walipokea, na baadhi wakamshukuru, jambo lililomchoma kuliko matusi. Simu mbili zilikuwa zimezimwa. Moja ikapokewa na mwanamume.

"Mke wangu tulimzika mwezi uliopita. Wewe nani?"

Akajitaja, akaeleza yote. Yule bwana akakata simu.

"Kwenye ripoti ya tukio hili andika simu hazikupatikana," mkuu wa kitengo alimwambia. "Si uongo."

"Si uongo, mkuu. Ila anayesoma atadhani kosa ni la wagonjwa."

Akaandika ilivyokuwa, akatia sahihi. Alipewa barua ya onyo, akaondolewa kwenye kompyuta, akapelekwa stoo ya mashuka.

Mshonaji alipasuliwa wiki hiyohiyo. Daktari alifungua tumbo, akatazama, akashona bila kuutoa uvimbe. Aliporudishwa nyumbani, Mzee Faili alimfuata. Alimkuta ameegemea mto kando ya cherehani iliyofunikwa kitambaa. Akamweleza bila kuzungusha.

"Nilikuwa naingia na simu hata bafuni," mama akasema. "Binti yangu alikuwa ananicheka."

"Nisamehe, dada."

Mama aligeuza uso ukutani. Kisha akasema, "Nipe maji, kaka." Mzee Faili alimshikia kikombe mpaka akamaliza.

Mama alifariki wiki ya tano baada ya upasuaji. Mzee Faili alikwenda msibani peke yake. Binti wa marehemu alimwonyesha pa kukaa, lakini mkono hakumpa.